Zabbix, betri za kisiwani na mnazi wa watu

Zabbix, programu yetu ya kuchunga mtandao, ikinambia kwamba ruta haipatikani, imenambia jambo ambalo watu wa kule kisiwani wamekwishanipigia simu kunieleza. Hilo halinifai kitu. Ninachotaka mie ni kujua kwa nini haipatikani, na khasa kujua mapema, saa mbili tatu kabla, wakati bado kuna la kufanya. Na kwa mtandao wetu wa Pemba, ile sababu mara nyingi si ya mtandao hata kidogo. Ni umeme.

Nafanya kazi Wete, katika ofisi inayoshughulikia mawasiliano ya skuli na vituo vya afya. Jina la ofisi naliacha, mkuu wangu hapendi. Seva kuu ya Zabbix iko Unguja, proksi yake, msaidizi anayekusanya namba na kuzipeleka kwa seva, iko Chake Chake, na minara yetu midogo imetawanyika kuanzia Mkoani mpaka Micheweni. Mingi inatumia umeme wa gridi, huu unaotufikia kutoka Tanga kwa kebo ya chini ya bahari tangu 2010. Vijana wa leo hawakumbuki, lakini kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mnara mmoja tu, ulioko kwenye kisiwa kidogo mbele ya Wete, unaishi kwa sola na betri peke yake. Kwenda huko ni kwa mashua, na mashua haijui ratiba ya ofisi: mkikuta maji yamekupwa mnashukia mbali, mnakanyaga matope mpaka ufukweni, na betri iko begani kwa mtu.

Masika yaliyopita mnara huo ulikuwa ukizimika usiku wa manane na kurudi asubuhi. Si kila siku. Kwenye Zabbix lilionekana pengo tu kwenye grafu, na ujumbe uleule kwamba hakuna jawabu. Aliyetupa habari yenye maana ni mzee mmoja anayekaa karibu na mnara.

“Mwanangu, ile taa yako ya juu inazima kabla ya adhana ya alfajiri. Jua likipanda inarudi.”

“Ami, inazima ghafla au inafifia kwanza?”

“Inazima tu. Mie mambo yenu siyajui, nakwambia ninachokiona.”

Kwa fundi, hapo kesi imekwisha nusu. Kitu kinachokufa kabla ya alfajiri na kufufuka na jua kimekufa njaa ya betri. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu: je, betri zimechoka, au hazishibi mchana? Ukikosea jibu hapo utabeba betri mpya kwa mashua, uzipandishe kilimani, na mwezi ujao taa izime vilevile.

Kontrola ya sola iliyoko kule, yaani kifaa kinachosimamia kuchaji betri kutoka kwenye paneli, ni ya kampuni ya Victron, aina ya MPPT, na ubavuni ina tundu dogo linaloitwa VE.Direct. Kupitia tundu hilo kontrola inatangaza hali yake kila sekunde, kwa maandishi ya kawaida, kasi 19200. Ni kama mnadi wa samaki: humuulizi kitu, unasimama tu unasikiliza bei zake. V ni volti za betri, zinakuja kwa milivolti. I ni mkondo kwa miliampea. PPV ni wati zinazotoka kwenye paneli. CS ni hatua ya kuchaji, 3 ikiwa inajaza kwa nguvu zote, 5 ikiwa betri imeshiba na inashikiliwa tu. Mwisho wa kila fungu kuna baiti moja ya kuhakiki: ukijumlisha baiti zote za fungu pamoja na hiyo, kisha ukagawa kwa 256, haibaki kitu. Angalia hapo, kwa sababu baiti hiyo inaweza kuwa thamani yoyote, hata ile alama ya kuanzia mstari mpya. Programu inayosoma mstari kwa mstari bila kujali itasoma vizuri siku nyingi, kisha siku moja itakupa betri ya volti 2.

Kwa hiyo habari ilikuwepo pale pale chini ya mnara, inasemwa kila sekunde, na hapana aliyekuwa akisikiliza. Kazi ikabaki kuitia ndani ya Zabbix.

Zabbix imezaliwa Riga, Latvia. Alexei Vladishev aliitoa hadharani 2001, na nina hakika hakuwa akifikiria matope ya Wete. Lakini yeye na wenzake waliacha milango mingi ya mtu kuingiza chake, na uamuzi wa mlango gani ndio unaoamua kama utalala usingizi baadae.

Kaka mmoja wa zamu Chake Chake alishauri njia ya UserParameter: skripti fupi, mstari mmoja kwenye faili la mipangilio la ajenti, ile programu ya Zabbix inayokaa kwenye kifaa chenyewe, basi. Njia hiyo naiheshimu, na vitu vyangu vingi vimeingia kwa mlango huo. Kwa tundu la serial kama hili, linalotoa data mfululizo, haifai. Kila Zabbix inapotaka namba, skripti inaanza upya, inafungua tundu, inasubiri fungu zima lipite, inafunga. Muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 3, na fungu lenyewe linakuja mara moja kwa sekunde, kwa hiyo ukilikuta katikati umeshapoteza muda. Kibaya zaidi, ukiwa na vipimo sita, skripti mbili zinaweza kufungua tundu kwa wakati mmoja, kila moja ikala nusu ya fungu la mwenzake.

Kuna skripti za nje, zile zinazoendeshwa na seva au proksi. Hizo zinakaa Chake Chake, na tundu liko kisiwani, basi nikapita. Kuna moduli za lugha ya C, faili la .so ambalo daimoni ya Zabbix, yaani programu yake inayofanya kazi nyuma ya pazia, inalipakia inapowaka. Zina kasi sana, lakini moduli ikikosekana au ruhusa za faili zikiwa mbaya, daimoni nzima inakataa kuwaka, na ofisini kwetu hapana mtu wa kuitunza C nikiwa likizo.

Mkuu wetu wa Unguja yeye alitaka moduli ya upande wa kurasa za wavuti, apate picha nzuri ya betri inayojaa na kupungua. Moduli hizo zipo tangu toleo 5.0. Ni folda yenye faili la manifest.json na kodi ya PHP. Unaiweka kwenye saraka ya modules, unaingia sehemu ya utawala, unabonyeza kuichunguza saraka, kisha unaiwasha mwenyewe kwa sababu ikionekana mara ya kwanza huwa imezimwa. Nilimwambia kwa adabu kwamba moduli ya kurasa ni sura tu, haisomi betri. Tena sura hizi zinazeeka haraka: toleo 6.4 lilikuja na muundo mpya wa manifest, na waliokuwa na moduli za zamani ilibidi wazirekebishe. Grafu za kawaida za dashibodi zinatosha. Hakufurahi sana, lakini alikubali.

Nikachagua plagini, yaani programu ndogo ya kumuongezea uwezo, ya ajenti wa pili, yule anayeitwa Zabbix agent 2, aliyeandikwa kwa lugha ya Go. Tangu toleo 6.0 plagini inaweza kuwa programu yake pekee, inayozungumza na ajenti kupitia soketi, bila kumjenga ajenti upya. Na plagini ya namna hii inaweza kuishi. Inapowaka inafungua tundu mara moja tu, inakaa inasikiliza, na fungu la mwisho lililo sahihi inaliweka kwenye kumbukumbu. Ajenti akiuliza, inajibu hapo hapo. Hakuna kusubiri, hakuna kugombania tundu.

Kodi yenyewe sitaieleza mstari kwa mstari, ni fupi. Mambo mawili tu nayatetea. La kwanza: plagini inatoa kipimo kimoja, nilichokiita betri.hali, na jawabu lake ni JSON, maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani, yenye kila kitu. Volti, mkondo, wati na hatua ya kuchaji vinachujwa upande wa Zabbix kama vipimo tegemezi kwa JSONPath, njia ya kuchukua thamani moja ndani ya JSON. Hivyo namba zote za dakika moja zimetoka kwenye fungu moja, na unaweza kuzilinganisha bila wasiwasi. La pili: fungu la mwisho likiwa limepitwa na sekunde kumi, plagini lazima irudishe kosa. Isirudie namba ya zamani. Nimeona moduli za watu zinazoendelea kusema volti 26 wakati waya umeng’oka tangu juzi, na moduli ya namna hiyo ni afadhali isingekuwepo.

Kuiweka sasa. Kisiwani tumeweka Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo inayokula wati chache. Iliniuma kidogo kuongeza mdomo mwengine kwenye betri yenye njaa, lakini hapana namna. Pi haipati umeme kupitia redio za mawasiliano za mnara. Ina waya wake kutoka betrini, ili redio zikikatwa yenyewe ibaki macho. Plagini niliijenga kwenye laptopu yangu, kwa sababu Go inakuruhusu kujenga programu ya mashine nyengine kwa kutaja tu GOOS=linux na GOARCH=arm64. Faili lililotoka nililiweka chini ya /usr/local/lib. Plagini za Zabbix wenyewe zinakaa /usr/sbin/zabbix-agent2-plugin, na watu wengi huchanganya zao humo. Mie sipendi, kilicho changu kikae mbali na kinacholetwa na pakiti za programu zao. Kisha faili dogo ndani ya /etc/zabbix/zabbix_agent2.d/plugins.d, lenye mstari mmoja unaomwambia ajenti programu iko wapi:

Plugins.Betri.System.Path=/usr/local/lib/zabbix-betri/betri

Tundu la USB la Pi, linalopokea waya wa kontrola, lina vitimbi vyake. Leo linaitwa ttyUSB0, kesho Pi ikizima na kuwaka linaweza kuwa ttyUSB1. Tumia jina refu lililoko /dev/serial/by-id, hilo halibadiliki. Na mtumiaji anayeitwa zabbix lazima aingizwe kwenye kundi la dialout, la sivyo tundu atalitizama tu. Ukishamuingiza, muwashe ajenti upya, maana kundi jipya halimfikii akiwa anaendelea na kazi.

Kabla ya kugusa kurasa za Zabbix, jaribu pale pale:

zabbix_agent2 -t betri.hali

Ukiona JSON, nenda kwenye proksi ujaribu kwa zabbix_get, amri ya kumuuliza ajenti kutoka mbali. Ikifanya kazi kwenye Pi na kukataa kwenye proksi, tizama mstari wa Server kwenye mipangilio ya ajenti, kama umeitaja anwani ya proksi. Fuata mpangilio huu, toka kwenye kifaa kwenda nje. Wanaoanzia kwenye kurasa hushinda wakibadilisha templeti, ule mkusanyo wa vipimo na tahadhari, wakati ugonjwa uko kwenye ruhusa ya faili.

Baada ya hapo nikageuza kipimo kiwe cha upande wa ajenti, yaani Pi ndiyo inayopeleka namba badala ya kusubiri kuulizwa. Sababu ni akiba. Ajenti wa pili anaweza kuhifadhi namba kwenye faili wakati njia imekatika na kuzipeleka njia ikirudi, kwa EnablePersistentBuffer, na akiba hiyo ni ya vipimo vya namna hii pekee. Muda wake wa kawaida ni saa moja. Nimeuweka siku mbili. Proksi nayo ina yake: ProxyOfflineBuffer kwa kawaida ni saa moja, na kiungo cha Unguja kikikatika zaidi ya hapo, za mwanzo zinaanza kufutwa. Hiyo nayo nimeiongeza. Jambo moja la kuangalia: kadi ya Pi nimeifanya isiandikike, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika kadi huharibika, lakini faili la akiba linahitaji pahala pa kuandikwa. Kwa hiyo kuna kipande kidogo cha kadi kilichoachwa wazi kwa ajili yake tu.

Sasa tahadhari zenyewe, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwenye kodi. Betri zetu ni za risasi, mfumo wa volti 24, na redio zinakatwa volti zikishuka mpaka 23. Tahadhari ya kawaida, kwamba ikifika 23.5 nijulishwe, inakuja wakati mambo yameshaharibika. Zabbix ina kazi inayoitwa timeleft: inatizama mteremko wa namba na kukisia umebaki muda gani kabla ya kufika kiwango ulichokitaja. Nikaandika kwamba, kwa mteremko wa saa mbili zilizopita, ikiwa 23 itafikiwa ndani ya saa nne, niamshwe.

Kabla ya kuiwasha niliziangalia grafu za usiku, na Magharibi ndiyo iliyonishughulisha. Jua likizama, betri iliyokuwa inashikiliwa kwenye volti 27 inateremka haraka mpaka 25 na kitu. Huo si udhaifu, ni chaji ya juu juu inayoondoka, na betri yoyote ya risasi nzima hufanya hivyo. Lakini kwa timeleft mteremko ule ni maporomoko, na ingekuwa kila siku watu wanatoka msikitini huku simu zinalia. Basi nikaongeza sharti: wati za paneli ziwe sifuri kwa saa tatu kamili. Kwa jua la huku, hukumu inaanza kiasi cha saa tatu na nusu usiku, na saa mbili za mteremko hazigusi kabisa ile saa ya mwanzo ya giza. Tangu hapo ikilia, ina sababu.

Na ililia. Ujumbe ukifika mapema hivyo naizima redio ya pili kutoka kitandani, ile ya skuli, ambazo usiku hazina haja nayo, na betri inafika asubuhi. Kituo cha afya hakikuzimika. Hiyo ni dawa ya maumivu tu, lakini ilinipa nafasi ya kutizama mchana bila mtu kunipigia kelele.

Mchana ndiko kulikokuwa na jibu. Siku za mawingu grafu ya wati ilikuwa imechanganyika, kama inavyotarajiwa na masika. Siku za jua kali ilipanda vizuri asubuhi, ikakaa juu adhuhuri, halafu kiasi cha saa tisa ikaanguka kwa mkupuo, ikabaki chini mpaka jioni. Kila siku yenye jua, saa ile ile. Wingu haliji kwa miadi. Hicho ni kivuli.

Tulipokwenda tukamkuta mtuhumiwa: mnazi, upande wa magharibi, uliokuwa mfupi mnara uliposimamishwa. Kuti likifunika sehemu ya paneli moja, na paneli zimeungwa mfululizo, zote zinaumia. Betri zilikuwa nzima.

Anayejua Zanzibar anajua kilichofuata. Ardhi ya pale ina mwenyewe, na mnazi una mwenyewe mwengine. Mwenye ardhi alikuwa tayari kuukata hapo hapo. Mwenye mnazi yuko Chake Chake na hakutaka kusikia habari ya msumeno. Ami ndiye aliyetupatanisha, kwa simu yangu, tumekaa chini ya huo huo mnazi. Tukakubaliana mkwezi aondoe makuti ya upande wa paneli tu, na madafu yasiguswe. Makuti akayachukua Ami, ana banda lake la kuezeka.

Mnazi hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo tatizo litarudi. Nimeongeza kipimo cha kukokotoa kinacholinganisha wati za saa tisa na za saa sita. Uwiano ukishuka siku kadhaa mfululizo za jua, inakuja tahadhari ya daraja la chini, jina lake “Mwite mkwezi”. Mkuu wa Unguja ameuliza mara moja maana yake nini.

Kwa atakayeiga, jambo la kuliogopa khasa ni pakiti mpya ya ajenti. Plagini inajitambulisha kwa ajenti inapowaka, na ikishindwa kusajiliwa ajenti hawaki kabisa, si plagini peke yake. Mpaka ukagundue, Pi iko ng’ambo ya maji. Kwa hiyo kisiwani ajenti nimemfunga kwa apt-mark hold, asisasishwe kimya kimya. Toleo jipya likija, naijenga plagini upya, naiweka kwanza kwenye Pi pacha iliyoko mezani kwangu Wete, yenye kontrola ndogo na betri ya pikipiki, naiacha siku kadhaa, ndipo ya kisiwani inafunguliwa. Kodi, faili la mipangilio na templeti iliyosafirishwa kwa YAML viko pamoja kwenye hazina moja ya Git, na maelezo ya kuijenga yameandikwa kwa Kiswahili, maana atakayeyahitaji ni mwenzangu wa zamu siku ambayo mie nipo harusini Micheweni.

Wiki hii kaka mmoja wa Mkoani ameniomba plagini hiyo hiyo kwa ajili ya jenereta lao. Nikamuuliza kontrola ya jenereta inazungumza nini, akasema Modbus, lugha inayotumiwa na mitambo mingi. Basi haihitaji kuandika kitu: ajenti wa pili amekuja na modbus.get ndani yake, anachotakiwa ni orodha ya rejista kutoka kwenye kitabu cha jenereta. Templeti nimempelekea abadilishe majina na viwango. Plagini nimemnyima.